Una Digrii, Unautaka Udaktari: Kwanza Ujue Mlango

Mjini Gitega na mjini Muyinga si kazi kumpata mtu mwenye shahada mkononi na udaktari moyoni. Huyu alisomea kilimo kwenye kampasi ya Zege ya Chuo Kikuu cha Burundi. Yule ametoka ENS, Bujumbura, na sasa anafundisha biolojia na kemia sekondari. Mwingine ni nesi wa A1, kwa miaka amesimama kando ya kitanda akimtazama daktari anavyoamua, na anajua fika kwamba angefundishwa naye angeamua. Ana miaka 25, au 28, au hata 32. Wote wanauliza jambo moja: nijiandae vipi kuingia fakulte ya udaktari?

Majibu wanayopewa huanza na vitabu. Rudia kemia, fanya mazoezi ya fizikia, jifunze mifupa ya mwili kwenye simu. Si ushauri mbaya, ila umelirukia jambo lililopaswa kutangulia. Kabla ya kufungua daftari, mwenye digrii lazima ajue digrii yake inahesabika kama nini kwenye mlango anaoukusudia. Uko mlango unaoidai, uko unaompunguzia mtu miaka kwa sababu yake, na uko usioitazama kabisa. Maandalizi ya mlango mmoja hayaufungui mwingine, na anayeichanganya hupoteza muda mrefu kabla hajatambua kwamba yuko njia isiyo yake.

Mipango miwili ya kumfunza daktari

Duniani udaktari hufundishwa kwa mipango miwili mikubwa. Wa kwanza humchukua kijana aliyemaliza sekondari na kumweka fakulteni moja kwa moja. Ndio mpango wa Wabelgiji, Wafaransa na Waingereza, na kwa njia ya ukoloni ukawa mpango wa Burundi, Rwanda, Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda. Humo udaktari wenyewe ndiyo digrii ya kwanza. Wa pili ni wa Marekani, na sehemu kubwa ya Kanada. Huko mtu husoma kwanza digrii ya kawaida ya miaka 4, ndipo anaomba nafasi ya kusoma udaktari miaka mingine 4. Wamarekani walielekea huko kwa nguvu baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, iliyoanika hali mbovu ya vyuo vingi vya udaktari vya wakati ule na kutaka mwanafunzi aingie akiwa na msingi wa sayansi wa chuo kikuu.

Tofauti hii ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu wa Muyinga akitafuta kwenye intaneti maelezo ya kusomea udaktari baada ya digrii, karibu yote atakayoyapata yameandikwa kwa ajili ya Mmarekani. Ataambiwa habari za MCAT, mtihani wa takriban saa 7 na nusu wenye alama kati ya 472 na 528. Ataambiwa asome mwaka mzima wa biolojia, mwaka wa kemia ya kawaida, mwaka wa kemia ogani na mwaka wa fizikia, na kwamba asiyesoma hayo kwenye digrii yake ya kwanza ayasome katika programu maalumu ya waliokwisha hitimu. Kwa aliyeko Texas au Arizona hayo ni maelekezo ya kufuata hatua kwa hatua. Kwa anayetaka kuingia fakulte ya Bujumbura hayamsogezi hata kidogo, kwa kuwa hakuna atakayemuuliza MCAT.

Mlango wa nyumbani unatazama nini

Fakulte ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Burundi ina umri wa zaidi ya nusu karne. Ilianza mwaka 1968, na wanafunzi wake hufanyia mazoezi hospitali ya Kamenge, ile inayojulikana pia kwa jina la Roi Khaled. Kwa upande wa binafsi kipo Hope Africa University, chuo cha kanisa la Free Methodist kilichoanzia Nairobi kabla ya kuhamia Bujumbura, ambacho hufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Wanafunzi wake wa udaktari hupelekwa hospitali ya Kibuye, mkoani Gitega. Kwa hiyo mtu wa Gitega anaweza kuwaona madaktari wa kesho wakizunguka wodini pasipo kufika Bujumbura.

Kozi hizi zimejengwa kwa kipimo cha kijana aliyetoka sekondari. Kinachotangulia kutazamwa ni diploma ya serikali, alama za mtihani wa taifa, na seksheni aliyosoma mtu. Hapo ndipo mwenye shahada hushtuka. Mwalimu aliyehitimu ENS anadhani karatasi yake yenye uzito ni ya chuo, kumbe ya kwanza kuangaliwa ni ile aliyoipata akiwa na miaka 20. Kama alisoma seksheni ya sayansi na alifaulu vizuri, ana pa kuanzia. Kama alisoma lugha au uchumi, shahada yake haizibi lile pengo kwa sababu tu iko juu zaidi.

Akikubaliwa, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza. Mbele yake ipo miaka 6 au zaidi, kutegemea chuo, na mwishoni kazi ya utafiti anayoitetea mbele ya jopo. Anatomia, histolojia, embriolojia, fiziolojia na biokemia ndiyo masomo yanayoutawala mwanzo wa safari. Mwalimu wa biolojia atayakuta yale ya seli, ya urithi na ya kemia ogani akiwa tayari anayajua. Anatomia ya binadamu ataianza sawa na kijana wa miaka 20 aliyeketi pembeni yake, na kijana huyo hatakuwa na watoto wa kulea jioni.

Hata hivyo kuna kitu ambacho sheria imekiacha mezani. Mageuzi ya elimu ya juu ya mwaka 2011 yaliiingiza Burundi katika mfumo wa BMD, yaani bachelor, master na doctorat, ambamo kila mwaka wa masomo hupimwa kwa kredi 60 na bachelor ya miaka 3 hubeba kredi 180. Maana ya kredi ni kwamba somo lililokwisha kusomwa na kufaulu linaweza kutambuliwa mahali pengine. Ndiyo sababu mwenye shahada ya sayansi anapoomba nafasi asiishie kupeleka cheti peke yake. Apeleke orodha kamili ya alama zake pamoja na maelezo ya kila somo, saa zake na yaliyofundishwa, kisha aiandikie fakulte kuuliza ni masomo gani yanaweza kutambuliwa. Uamuzi ni wa fakulte. Lakini asiyeuliza hupewa jibu la asiyeuliza, nalo ni kuanza yote upya.

Kongo ya 1960: elimu ya awali ilipohesabiwa

Wapo watakaosema udaktari hauna njia ya katikati, kwamba mtu huanzia mwanzo au haanzi. Historia ya jirani zetu inawapinga. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na hata Mkongo mmoja mwenye udaktari kamili. Ilikuwa na wasaidizi wa matibabu, watu waliofundishwa kwa miaka kadhaa na Wabelgiji, waliokuwa wakiendesha zahanati, wakitibu malaria na kushona majeraha, ila walizuiwa kupanda zaidi. Burundi na Rwanda nazo zilikuwa na watu wa namna hiyo, waliofundishwa Groupe Scolaire ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi mwaka ule, hospitali za Kongo zikabaki karibu tupu.

Shirika la Afya Duniani na serikali ya Kongo walifanya jambo ambalo hadi leo lina funzo. Waliwachukua wasaidizi hao wa matibabu, kundi la kwanza likiwa na watu karibu 60, wakawapeleka vyuo vikuu vya Ufaransa. Hawakuwaanzisha mwaka wa kwanza kana kwamba hawajawahi kushika sindano. Waliwaingiza katikati ya kozi, na baada ya miaka 3 hivi watu hao walirudi nyumbani wakiwa madaktari.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu tatu. Nchi ilikuwa na shida ya haraka, kwa hiyo kuchelewa kulikuwa na gharama inayoonekana. Wanafunzi wenyewe walikuja na ujuzi wa wodini uliothibitika, si maneno. Na kulikuwa na chombo chenye mamlaka kilichokaa, kikapima elimu yao ya awali na kusema inatosha kuingilia mwaka fulani. Ikikosekana sababu ya tatu, mbili za kwanza hazimfikishi mtu popote. Nesi wa A1 wa Muyinga leo anazo mbili za kwanza tele: Burundi ina daktari chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, na wengi wao wako Bujumbura. Ya tatu ndiyo anayoisubiri.

Deo wa Mutaho na mlango wa Marekani

Upande wa pili wa hesabu hii unaonekana kwa Deogratias Niyizonkiza, Mrundi ambaye Tracy Kidder aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2009. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na mauaji yakasambaa nchini, Deo alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa staji katika hospitali ya Mutaho, mkoani Gitega. Alikimbia kwa miguu, na mwaka 1994 akafika New York. Huko alisambaza bidhaa za duka la vyakula kwa malipo duni, na usiku akalala Central Park.

Alipopata watu wa kumshika mkono, ndoto ya udaktari ilikuwa bado hai, lakini mpango wa Marekani haukumruhusu aendelee pale alipoishia Burundi. Ilibidi kwanza apate digrii ya kawaida, akaisoma Chuo Kikuu cha Columbia. Baadaye aliingia chuo cha udaktari cha Dartmouth, akafanya kazi karibu na Paul Farmer na shirika lake la Partners In Health, na nguvu zake zikaelekea kujenga kituo cha afya Kigutu, kusini mwa Burundi, kupitia shirika la Village Health Works.

Mwalimu wa Gitega ana digrii ambayo Bujumbura haiidai. Deo alikuwa na miaka ya udaktari ambayo Marekani haikuihesabu, akakosa digrii ambayo Marekani inaidai. Wote wawili hawakupungukiwa akili wala bidii. Mlango uliokuwa mbele yao ulikuwa na kipimo kingine.

Maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi makambini Tanzania walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007. Watoto wao wengi sasa wamefikia umri wa kuhitimu vyuo. Hao ndio hasa wanaohusika na MCAT na programu za baada ya digrii, kwa kuwa wana makazi ya kudumu au uraia. Aliyeko Gitega asijilinganishe nao. Vyuo vya udaktari vya Marekani vinavyopokea wanafunzi wa kigeni ni vichache, na ada yake haibebeki kwa mshahara wa Burundi. Kwa walio wengi, njia yenye akili ni kumaliza udaktari Afrika ndipo watafute leseni au ubingwa ng'ambo.

Ulaya ina milango yake midogo. Uingereza ina kozi za miaka 4 kwa waliokwisha hitimu. St George's ya London ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzianzisha, mwaka 2000. Ufaransa ina njia inayoitwa passerelle, inayowaingiza baadhi ya wenye digrii za juu mwaka wa pili au wa tatu wa udaktari. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini kwa Mrundi anayesoma masters Ufaransa hili ni jambo la kuuliza mapema, kabla masters haijaisha.

Kuvuka Kobero

Kwa watu wa Muyinga mlango wa karibu zaidi nje ya nchi ni Tanzania. Ukivuka Kobero unaingia Kabanga na Ngara, na barabara inakufikisha Mwanza, ambako hospitali ya Bugando ina chuo chake cha afya, CUHAS. Kozi ya udaktari Tanzania ni ya miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Njia kuu mbili za kuingia ni kufaulu fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita, au kuwa na stashahada ya utabibu yenye wastani wa B. Shahada ya biolojia haimo katika njia hizo mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Mrundi ni ya karatasi: vyeti vya sekondari vipelekwe NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na shahada ipelekwe TCU, tume ya vyuo vikuu, vilinganishwe na vya huko. Uganda kazi hiyo hufanywa na UNEB kwa sekondari na NCHE kwa chuo kikuu. Mambo haya huchukua muda, hudai tafsiri rasmi kutoka Kifaransa, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Anayetaka kuanza masomo mwaka kesho aanze kulinganisha vyeti mwaka huu.

Lugha nayo isimdanganye. Kiswahili cha Muyinga kitamfaa sokoni Mwanza na kando ya kitanda cha mgonjwa, lakini darasani na kwenye mtihani ni Kiingereza. Aliyesoma sayansi yote kwa Kifaransa ajipe miezi ya kusoma fiziolojia kwa Kiingereza kabla ya kuvuka mpaka.

Maandalizi yenyewe

Mlango ukishajulikana, maandalizi yanakuwa na sura. Kwanza sayansi: mwenye shahada ya kilimo au biolojia aimarishe fizikia na kemia, kwa sababu ndiko pengo lake huwa kubwa zaidi baada ya miaka ya kazi. Mwenye shahada ya uchumi au sheria ana safari ndefu zaidi. Huenda ikambidi arudi kwenye mitihani ya sekondari yenyewe, na ni afadhali aambiwe hivyo mapema kuliko kubembelezwa.

Pili, wodi. Mtu mzima anayeacha kazi kwenda kusoma miaka 6 ahakikishe anaupenda udaktari wenyewe, si heshima yake. Msalaba Mwekundu wa Burundi una wajitoleaji hadi vilimani, na abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa jamii, hufanya kazi kila siku na watu wenye malaria na watoto wenye utapiamlo. Tangu Mei 2006 uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya umma, na anayetaka kuona uzito wa uamuzi huo aende asubuhi kwenye foleni ya kituo chochote cha afya. Mwezi mmoja wa kujitolea utamfundisha zaidi ya video mia. Kuna watakaotoka hapo na hamu kubwa zaidi, na kuna watakaogundua kwamba wanachokipenda ni afya ya jamii, maabara au lishe, kazi ambazo digrii waliyonayo inawafikisha kwa miaka 2 badala ya 6.

Tatu, fedha. Minerivali ndiyo watu wanayoihesabu, lakini gharama kubwa ni mshahara utakaokosekana. Mwalimu anayeanza akiwa na miaka 28 atamaliza akiwa na 34 au 35, na akitaka ubingwa aongeze mingine kama 4. Tangu mwaka 2017 msaada wa serikali kwa wanafunzi umekuwa mkopo wa kurejeshwa, kwa hiyo aliyesoma digrii ya kwanza kwa mkopo huo aulize kwa maandishi kama anaruhusiwa kukopa tena. Mtumishi wa umma naye aulize kuhusu likizo ya masomo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Mke, mume au wazazi wahusishwe tangu mwanzo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa watakaoinama ni nyumba nzima.

Umri peke yake usimtishe mtu. Albert Schweitzer alikuwa tayari daktari wa falsafa na mwalimu wa teolojia alipojiandikisha kusomea udaktari Strasbourg mwaka 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka 1913 alikuwa Lambaréné, Gabon, akifungua hospitali. Mengi yanaweza kusemwa juu ya jinsi alivyowatazama Waafrika, lakini juu ya kuanza udaktari ukubwani ushahidi wake unasimama. Tofauti ni kwamba alikuwa na kazi na jina kabla ya kuanza. Mwalimu wa Muyinga hana akiba hiyo, ndiyo maana kwake kila mwaka unaoweza kupunguzwa una thamani.

Hapo lawama haiwezi kubaki kwa mwombaji peke yake. Nchi yenye madaktari wachache kiasi hiki inapomwanzisha nesi wa miaka 10 kazini sawa na kijana aliyemaliza sekondari jana, inatupa elimu iliyokwisha kuigharimia. Fakulte zetu zina mfumo wa kredi, zina mfano wa Kongo wa 1960, na zina wanafunzi walio tayari. Zitangaze hadharani, kwa maandishi, ni masomo gani ya shahada ya sayansi na ya uuguzi zinayatambua, na kwa mtihani gani wa kupima. Hata kumi wakiingia kwa njia hiyo kila mwaka, hospitali za Gitega na Muyinga zitajua tofauti.

Nawe mwenye shahada, usisubiri tangazo hilo. Wiki hii andika barua moja kwa fakulte unayoitaka, uambatanishe alama zako zote, uulize digrii yako inahesabika kama nini. Jibu watakalokupa ndilo litakalokuambia uanze na kitabu gani.